Maji ya mfereji mkahawani: wana haki ya kukutoza ama hawana?

Na hili joto la Mombasa la Februari na Machi, mtu akiketi mkahawani kitu cha kwanza anaitisha ni maji, na hapo hapo maneno yanaanza. Weita anakuja na chupa ya nusu lita ashaifungua, mteja anasema mimi nataka ya kawaida ya mfereji, weita anasema ya mfereji hatutoi, ama yapo lakini glasi ni shilingi thelathini, na meza nzima inagawanyika, huyu anaapa kwamba sheria inasema maji ya mfereji ni bure kila mahali, yule anasema biashara ni ya mwenyewe atoze atakavyo. Wote wawili wamekosea, na nataka tuifungue hii mambo polepole manake naona watu wanagombana na weita ambaye si yeye aliyepanga bei, na naona wengine wanalipa pesa ambazo hawakupaswa kulipa kwa sababu tu wameona haya kuuliza mbele ya wageni wao.

Jibu la haraka ni hili. Kenya hakuna sheria ya nchi inayolazimisha baa ama mkahawa kukupa maji ya mfereji bure. Hakuna pia inayowakataza kuyauza. Lakini iko sheria inayowakataza kukutoza kitu ambacho hawakukwambia mapema kwamba kina malipo, na hio ndio watu wengi hawaijui, na ndio yenye nguvu zaidi kwa mteja wa hapa kuliko hadithi zote za "maji ni haki".

Hii habari ya "kisheria ni bure" imetoka wapi

Kwa nnavyoona mimi sehemu kubwa imetoka Uingereza. Watu wa hapa wana ndugu zao London, Birmingham, huko, wakija likizo wanasimulia kwamba kule waingia baa, waomba maji, wapewa na hakuna anaekuuliza kitu, na ni kweli. England na Wales iko amri ya mwaka 2010, imetolewa chini ya Sheria ya Leseni ya 2003, inaweka masharti ya lazima kwa kila mahali penye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo, na sharti mojawapo ni kwamba mteja akiomba maji ya kunywa apewe bure, mradi maji yenyewe yanapatikana hapo bila shida isiyo ya kawaida. Scotland nao wameliweka jambo hili kwenye sheria yao ya leseni ya 2005, maji ya mfereji yanayofaa kunywewa ni bure ukiomba, na vinywaji vingine visivyo na pombe viuzwe kwa bei ya kiasi.

Sasa hapa ndio watu wanateleza. Ile amri haikutungwa kwa sababu maji ni haki ya kila mtu, ilitungwa kwa sababu ya pombe. Amri hio hio ndio ilipiga marufuku michezo ya baa ya kummiminia mtu pombe moja kwa moja mdomoni, na ndio iliyodhibiti zile ofa za kulewesha watu kwa bei ya kutupa. Serikali yao ilikuwa inataka mtu anaekunywa apate maji katikati bila kufikiria gharama, apunguze ulevi, afike nyumbani salama. Kwa hivo lile jukumu limening'inia kwenye leseni ya pombe. Mkahawa wa chai usiouza pombe huko huko London haubanwi na hilo sharti hata kidogo, wanaweza kukukatalia ama kukutoza. Na pia lazima uombe, hawakuletei wenyewe, na wewe uwe mteja, si mtu amepita tu njiani na kiu yake. Na hata kwenye baa yenye leseni, maji ndio bure lakini sheria haisemi glasi ni bure ama kazi ya kukuhudumia ni bure, kwa hivo mwenye baa akitaka anaweza kutoza ile glasi, wengi hawafanyi hivo kwa sababu wateja watawakimbia. Maji ya chupa na maji ya gesi ni biashara kama kawaida.

Ufaransa wao wameingilia mlango mwengine kabisa. Kule tangu amri ya 1967 maji ya kawaida yanahesabika kuwa ndani ya bei ya chakula pamoja na mkate, na sheria yao mpya ya kupunguza taka ya 2020 ikaongeza kwamba kuanzia Januari 2022 mikahawa lazima iandike mahali pa kuonekana kwamba mteja anaweza kuomba maji ya kunywa bure. Uhispania nao walifanya kitu karibu na hicho kwa sheria yao ya taka ya 2022. Umeona hapo, hawa shida yao kubwa siku hizi ni chupa za plastiki. Na Umoja wa Ulaya kwa jumla, mwongozo wao wa maji ya kunywa wa 2020 unahimiza tu nchi wanachama zishawishi mikahawa itoe maji bure ama kwa ada ndogo ya huduma, haulazimishi, ndio maana mtu akitoka Ujerumani atakwambia yeye aliuziwa na mwengine akitoka Paris atakwambia alipewa jagi, na wote wanasema kweli.

Kwa hivo ukisikia mtu anasema "sheria inasema", muulize sheria ya wapi, na inabana nani.

Sasa tuje Kenya

Watu huanza na Katiba, ibara ya 43, inayosema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Hio ipo, na Sheria ya Maji ya 2016 inairudia. Lakini ukisoma ibara ya 21 utaona mzigo wa kutimiza haki za ibara ya 43 umewekwa kwa dola, serikali ndio inatakiwa ichukue hatua za sheria na sera mpaka haki hizo zitimie kidogo kidogo. Maana yake kaunti na mashirika ya maji ndio wanapaswa kukufikishia maji ya kutosha mtaani kwako. Haimaanishi mwenye mkahawa pale Nyali amegeuka kuwa serikali na lazima akujazie glasi. Najua inauma kusikia hivo, hata mimi ningependa iwe vyengine, lakini ukienda kumshtaki mwenye hoteli kwa ibara ya 43 peke yake sioni ukifika mbali.

Ibara ya 46 ndio ya mteja. Hio inasema mteja ana haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na inawabana watu binafsi pia, si serikali peke yake. Chini yake ziko sheria mbili za kushika. Moja ni Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, kinasema mtu asikutoze ada yoyote, aiite jina lolote analotaka, kama hakukujulisha kabla ya kuitoza ama kabla ya kukupa ile huduma. Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, ambayo pamoja na mengine inasema mtu asidai malipo ya kitu ambacho mteja hakukiomba, na kwamba makubaliano yakiwa na utata basi utata huo ufasiriwe kwa faida ya mteja.

Zilete hizo mpaka mezani sasa. Umeitisha biryani ya kuku na ukasema "niletee na maji", weita akaleta jagi na glasi nne, mkanywa, bili inakuja imeandikwa maji shilingi mia mbili. Menyu haina bei ya jagi, ukutani hapajaandikwa, weita hakusema. Hapo una haki ya kukataa kulipa hio mia mbili, na una haki ya kukataa bila kupandisha sauti, unamwambia tu manaja kwamba hii ada sikujulishwa, niondolee. Lakini kama menyu imeandika wazi "maji yaliyochujwa, jagi, 200" na wewe hukusoma, hapo bwana utalipa, kutosoma si hoja.

Ile ya chupa kuwekwa mezani kabla hujaitisha, hio ndio imezoeleka sana kwenye mikahawa ya kitalii ya pwani na ndio inanikera zaidi, kwa sababu mgeni anadhani ni ya ukaribisho. Hukuiomba, hudaiwi. Ukiiona, uliza "hii ni ya kulipa?" kabla ya kuifungua, manake ukishauliza ukaambiwa bei alafu ukanywa, hapo umekubali. Na weita akiifungua mwenyewe bila wewe kusema kitu, kuifungua kwake hakukufanyi wewe kuwa umenunua.

Glasi na barafu sasa. Hakuna kinachomzuia mwenye mahali kusema maji ni bure ila glasi ya barafu ni shilingi ishirini, ilimradi amesema. Mimi naona ni tabia mbaya, lakini tabia mbaya na kosa la kisheria ni vitu viwili.

Kuingia na chupa yako kutoka nje, hapo wengi hudhani wana haki na hawana. Mkahawa ni mahali pa mtu, anaweza kuweka sharti la kutoingiza vinywaji ama la kutoza kokeji, yaani ada ya kunywa kinywaji ulichokuja nacho, na sharti likiandikwa mlangoni limeandikwa. Kama una mtoto mchanga ama una dawa za kumeza, ongea nao kabla ya kuketi, wengi watakuelewa ukiwaambia kwa ustaarabu, na wasipoelewa unajua mapema uende pengine.

Kuna moja nzito zaidi nayo ni maji ya mfereji ama ya kisima yanayojazwa kwenye chupa zilizotumika na kuuzwa kama ya kampuni. Hapo si habari ya bei tena, huo ni udanganyifu na ni hatari ya afya. Maji ya chupa ya kihalali yana alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tangu Novemba 2019 yana stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, na kifuniko kinalia kikivunjika mara ya kwanza. Ndio sababu nyengine ya kumwambia weita asifungue chupa akiwa kaunta, aifungulie mezani mbele yako. Na mkahawa unaochuja maji wenyewe na kuyauza kwenye jagi haukosei, mradi uyaite yalivyo, usiyaite minero, yaani maji ya chupa ya kampuni.

Ukitaka kulalamika, weka risiti, piga picha menyu, andikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, hawatozi kupokea malalamiko. Kuna Mahakama ya Madai Madogo pia inayosikiliza madai ya mpaka milioni moja, lakini kwa jagi la mia mbili hakuna atakaekwenda huko. Mara nyingi manaja akiona unataja kifungu cha 56 kwa utulivu anaifuta ile laini kwenye bili mambo yakaisha.

Na maji yenyewe ya Mombasa

Hili suala hapa kwetu haliwezi kuzungumzwa kama la London, kwa sababu kule mtu akifungua mfereji yanatoka na yanafaa kunywewa, na sheria yao imejengwa juu ya hilo. Sisi mji mzima tunaishi kwa maji ya kutoka mbali. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo Magharibi, bomba lake lilikamilika 1957 na linasafiri zaidi ya kilomita 200 kutufikia. Baricho iko Kilifi kando ya mto Sabaki. Marere na Tiwi ziko Kwale. Bwawa la Mwache linalotegemewa kutupunguzia shida nalo liko Kwale. Hakuna hata chanzo kimoja kikubwa kilicho ndani ya kaunti yetu, na yanayofika hayatoshi, ndio maana mitaa inapata kwa zamu, na siku isiyo ya zamu yako unanunua ya mkokoteni ama ya boza, yaani lori la maji, ama unateka kisimani.

Visima vyetu ndio hivo, vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, vya karibu na bahari vina chumvi, na kwenye mitaa iliyobanana vimekaribiana na vyoo vya shimo kwa sababu sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji taka. Kwa hivo mkahawa ukikwambia una maji ya mfereji, ule mfereji unatoka kwenye tangi la juu ambalo jana lilijazwa na maji ya kampuni, juzi na boza, na wiki iliyopita labda na kisima. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi haitoki. Kuitoa chumvi lazima mashine ya kuchuja, na mashine inakula umeme na inataka filta kubadilishwa. Ndio maana mwenye mkahawa akisema "ya mfereji hayanyweki hapa" pengine anasema ukweli mtupu na anakuokoa na kipindupindu, usimchukulie kwamba ni mwizi.

Lakini tusije tukafichwa nyuma ya hilo. Mtungi wa lita 20 unatoa glasi themanini za robo lita. Hata ukiufanya mtungi ni shilingi 200 kuujaza, glasi moja ya maji salama haifiki shilingi tatu. Mkahawa unaouza sahani ya samaki kwa elfu moja na mia tano hauwezi kunambia kwamba shilingi tatu zitaufunga. Na tazama nani anatoa sasa hivi: hoteli ndogo za Bondeni, za Majengo, za Mji wa Kale, ukiketi kula mahamri na mbaazi ama wali na maharagwe jagi liko mezani, hakuna anaelihesabu, na misikiti mingi ina mifereji na makula (mashine za maji baridi) nje yaliyowekwa na watu kwa sadaka, yeyote apitae anakunywa, Muislamu na asie Muislamu. Hapa pwani kumpa mtu maji ni ibada, mtu anachimba kisima kwa ajili ya mzazi wake aliyefariki. Sasa mahali wanapokataa kutoa ni pale penye pesa, na mimi hilo siliwezi kulinyamazia.

Basi kifanyike nini? Wengi wanasubiri bunge la Nairobi, na si lazima. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, na jedwali hilo hilo limeipa kaunti huduma za maji na usafi. Yaani zote mbili ziko mkononi mwa watu wale wale, wawakilishi wetu wa wadi. Ile Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ilibana saa za kunywa na matangazo na umri, lakini haikuweka sharti la maji kama la Uingereza. Kaunti inaweza kuliweka yenyewe kwenye masharti ya leseni: kila baa na mkahawa unaouza pombe uwe na maji salama ya kunywa, mteja akiomba apewe bure, na iandikwe kwenye menyu. Ningeanza na penye pombe kwa sababu hapo ndio hatari iko kubwa zaidi, mtu anakunywa bia tano kwenye joto la digrii thelathini na kitu bila tone la maji katikati alafu anapanda boda kuelekea Kisauni usiku. Vibanda vya chakula ningeviacha, wao wengi wanatoa tayari na kuwabebesha makaratasi zaidi ni kuwaonea.

Wenye baa watalalamika kwamba wanategemea faida ya maji ya chupa na kwamba ushuru wa bidhaa kwa kila lita umeshawabana. Sawa, waendelee kuuza ya chupa kwa anaetaka ya chupa, tena baridi, tena ya gesi, hakuna anaewazuia. Ila tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi na fukwe, na baa za pwani zinazokaa juu ya mchanga zinalijua hilo, kwa hivo hesabu ya jagi na glasi wataifanya tu leo ama kesho.

Kitu kimoja lazima kiwekwe ndani ya hilo sharti ama litadhuru watu: neno "salama" lipimwe. Maafisa wa afya ya umma wanakagua majengo kabla ya leseni, basi wafungue na tangi la juu walitazame, wachukue sampuli ya maji wapeleke maabara, na cheti cha maji kibandikwe kaunta pamoja na leseni yenyewe. Baa ambayo haiwezi kupata maji safi ya mfereji iruhusiwe kutumia mtungi uliojazwa kwenye duka lenye kibali cha KEBS.